Mwongozo kamili wa kutengeneza tempe Dar es Salaam, kwa ukungu unaoujua jina na ukoo

Wanaojaribu kutengeneza tempe nyumbani hapa Dar huharibikiwa kwa namna ileile. Siku ya kwanza soya inapendeza. Siku ya pili inanuka mkojo. Siku ya tatu ina madoa ya kijani, na swali linalofuata ni kama mtu anaweza kukata palipoharibika akala palipobaki. Jibu ni hapana. Tupa yote.

Chanzo huwa ni kimojawapo kati ya viwili: mbegu ya ukungu isiyojulikana ilikotoka, au joto la jiji hili. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi, kwa hiyo wanahangaika kuipasha tempe joto. Sisi shida yetu kwa miezi mingi ya mwaka ni kuipoza.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: tempe ni soya iliyochemshwa, ikachanganywa na mbegu ya ukungu, ukungu ukaota na kuzishikanisha punje hadi zikawa kipande kimoja kinachokatika kwa kisu. Asili yake ni kisiwa cha Java, Indonesia. Hukaangwa, huungwa kwa nazi, hutiwa kwenye mchuzi. Ina protini nyingi na bei yake ukiitengeneza mwenyewe haifiki hata karibu na ya nyama.

Vinavyohitajika

Vipimo hivi ni vya nusu kilo ya soya kavu, ambayo hutoa tempe inayokaribia kilo moja.

- Soya nzima, kavu, gramu 500. Kariakoo na Tandale ipo. Usichukue iliyopasuliwa wala ya chini ya gunia.
- Mbegu ya ukungu wa tempe, yenye jina kamili na namba ya aina. Kiasi ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti.
- Siki nyeupe, vijiko vitatu vya chakula.
- Sufuria kubwa, chujio, ungo na taulo mbili safi za jikoni.
- Kipimajoto cha chakula chenye ncha. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukiruka, na ndicho kingewaokoa.
- Mifuko miwili ya zipu ya kuhifadhia chakula, au majani ya mgomba.
- Sindano nene.
- Wavu wa chuma wa kuinulia mifuko juu ya meza, hewa ipite chini.
- Feni. Kwa Juni hadi Agosti, ongeza deli na chupa ya maji ya moto.

Machicha ya nazi hayamo kwenye orodha hii, na yasiongezwe hata kama yamejaa jikoni. Nitaeleza kwenye hatua ya 6.

Kabla ya kuwasha jiko: ukungu wako ni nani?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopaparukia. Kuna wanaoacha soya iliyochemshwa chini ya jani la mgomba wakisubiri "ukungu wa asili" uje wenyewe. Kuna wanaochukua ukungu kwenye mkate au kwenye gunzi la mahindi. Hoja yao ni kwamba wazee wa zamani hawakuwa na maabara. Kweli hawakuwa nayo. Lakini wazee wa Java walikuwa wakirithishana ukungu uleule vizazi kwa vizazi, hawakuokota wowote uliopita njia.

Chukua mfano ulio wazi kuliko yote. Wajapani hutengeneza miso, mchuzi wa soya na sake kwa ukungu uitwao Aspergillus oryzae. Ukungu unaotia sumukuvu kwenye mahindi na karanga zetu unaitwa Aspergillus flavus. Mwaka 2005 wanasayansi walichapisha jenomu nzima ya A. oryzae, aina yenye namba RIB40: herufi za vinasaba karibu milioni 37. A. flavus naye yuko karibu na idadi hiyohiyo, na vinasaba vya wawili hawa vinalingana kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa maelezo yanayokubalika na wengi, oryzae ni flavus aliyefugwa na binadamu kwa karne nyingi.

Sasa tazama kinachowatenganisha. Jeni za kutengeneza aflatoksini, ambayo ni sumukuvu mbaya kuliko zote tunazozijua kwenye nafaka, zimekaa pamoja kwenye fungu moja. RIB40 bado analo fungu hilo. Hajalitupa. Ila limeharibika: jeni kadhaa zina sehemu zilizokatika au kubadilika, na ile inayopaswa kuziwasha nyingine, aflR, haifanyi kazi yake. Kuna aina nyingine za oryzae zilizokwisha kupoteza kipande kikubwa cha fungu lote.

Kwa upande wa pili, wapo flavus wa mashambani ambao hawatoi aflatoksini kabisa. Hao ndio waliochaguliwa kutengeneza Aflasafe, dawa inayomwagwa kwenye mashamba ya mahindi na karanga ili iwanyang'anye nafasi wenzao wenye sumu.

Kwa hiyo mwenye jina zuri anabeba mabaki ya jeni za sumu, na mwenye jina baya anaweza kuwa hana sumu. Wote wawili huwa na rangi ya kijani inayoelekea njano wakikomaa. Macho, pua na ulimi havitakusaidia kuwatofautisha. Kinachokusaidia ni kujua aina hiyo imetoka kwenye hifadhi gani, yaani maabara gani inayotunza aina za ukungu, ina namba gani, na nani aliipima.

Ukungu wa tempe ni wa ukoo mwingine: Rhizopus microsporus, aina ya oligosporus, ingawa pakiti nyingi huandika kwa kifupi Rhizopus oligosporus. Hautoi aflatoksini. Hata hivyo, nao una mambo yake. Mwaka 2005 iligundulika kwamba sumu iitwayo rhizoksini, iliyodhaniwa miaka yote kuwa inatengenezwa na Rhizopus, kumbe inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya seli za ukungu huo. Baadhi ya R. microsporus wana wapangaji hao, wengine hawana, na kwa nje hakuna tofauti utakayoiona. Ndiyo maana nasisitiza namba. Kwa mfano, NRRL 2710 ni aina ya tempe inayotunzwa kwenye hifadhi inayojulikana na ambayo imechunguzwa kwa miongo mingi. Pakiti yenye namba ya namna hiyo ina mtu wa kuulizwa. Pakiti iliyoandikwa "ukungu wa tempe" tu haina.

Naulizwa pia kwa nini nawaanzisha watu na tempe badala ya koji, ile nafaka yenye ukungu inayotumika kutengenezea miso. Sababu ni moja na ni ya usalama. Ukungu wa tempe huanza mweupe ukaishia kijivu na mweusi. Hauwi kijani hata siku moja. Flavus akiingia, anaonekana. Kwenye koji mgeni na mwenyeji wana rangi moja, na anayeanza hana namna ya kujua ameota nani.

Hatua ya 1: Pata mbegu na uitunze

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji vitu vinne: jina kamili la ukungu, namba ya aina, tarehe ya kutengenezwa, na kama kundi hilo limepimwa bakteria. Akikujibu kwamba "hii ni nzuri, wateja wote wanaisifia", asante, endelea na safari.

Ukiagiza nje ya nchi, kumbuka ni kiumbe hai. Ulizia kwanza kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kabla pesa haijatoka.

Ikifika, igawe kwenye vifuko vidogo vya matumizi ya mara moja, vifungwe hewa isiingie, kisha friji. Siku ya kuitumia toa kifuko kimoja, kikae nje nusu saa kabla hujakifungua. Hewa ya Dar ina maji mengi. Ukifungua kitu cha baridi ghafla, unyevu unagandia ndani na mbegu inaanza kufa.

Ishara ya mafanikio: unga mkavu, hauna mabonge, hauna harufu kali.

Hatua ya 2: Chambua soya

Mwaga kwenye ungo, sogea penye mwanga wa mchana, chambua punje kwa punje. Toa zilizokunjamana, zilizotobolewa, zenye rangi ya ajabu, na chochote chenye vumbi la kijani.

Watu huona hatua hii ni ya kupoteza muda kwa sababu soya itachemshwa. Kuchemsha kunaua ukungu, hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Aflatoksini inavumilia joto la maji yanayochemka na la mafuta ya kukaangia pia. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara, 20 wakafariki, kwa mahindi yenye sumu hii. Yalikuwa yamepikwa. Soya haina tabia ya kushambuliwa kama mahindi na karanga, lakini haijakingwa.

Hatua ya 3: Loweka, na panga saa zako

Ratiba ninayoipendekeza ni hii: loweka Ijumaa saa 12 jioni, amka Jumamosi saa 11 alfajiri kumenya na kuchemsha, funga mifuko saa 2 asubuhi. Ukungu huanza kutoa joto lake wenyewe baada ya saa 12 hadi 14, yaani Jumamosi usiku, wakati jiji limepoa na wewe uko nyumbani. Ukifunga usiku, saa hizo zitaangukia mchana, jua la saa 8, nawe uko kazini.

Tumia maji mara tatu ya ujazo wa soya, tia kijiko kimoja cha siki. Uchachu huu wa kiasi unawapunguzia nguvu bakteria wabaya kabla hata ukungu haujaingia. Saa 10 hadi 12 zinatosha kwa joto letu. Mapishi yanayosema saa 24 hayakuandikwa Mbagala.

Asubuhi utaona povu kidogo na harufu chachu kidogo. Hiyo ni sawa. Ikinuka kitu kilichooza, mwaga.

Hatua ya 4: Menya

Fikicha soya kwa viganja ndani ya maji. Maganda yanaelea, yamwage, ongeza maji, rudia. Ukungu haupenyi ganda, kwa hiyo punje yenye ganda ni pengo kwenye tempe, na pengo ni nafasi ya bakteria. Maganda machache yakibaki hayadhuru. Usikeshe kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Chemsha na ukaushe

Weka maji mapya, chemsha dakika 45 hadi 60. Unataka punje inayong'atika bila shida lakini isiyopondeka kwa vidole. Dakika kumi za mwisho tia vijiko viwili vya siki vilivyobaki.

Chuja, rudisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, geuza taratibu mpaka mvuke upungue na punje zisiache maji chini ya sufuria. Kisha zitandaze kwenye taulo safi, zifunike kwa taulo ya pili, zikandamize.

Hapa ndipo tempe nyingi za Dar zinapofia. Maji yaliyobaki juu ya punje ni makazi ya bakteria. Wanaota kwa kasi kuliko ukungu, wanatoa amonia, na hiyo ndiyo ile harufu ya mkojo. Chukua konzi moja, ifinye, fungua kiganja. Kiganja kikibaki kikavu, endelea. Kikiwa na maji, rudisha kwenye moto.

Acha ipoe hadi nyuzi 35. Mbegu ukiitia kwenye soya ya nyuzi 50 umeichemsha.

Hatua ya 6: Tia mbegu

Osha mikono kwa sabuni, mwagia kijiko na bakuli maji yaliyochemka. Zima feni kwa dakika hizi, maana inapeperusha spora, yaani mbegu ndogo za ukungu, za kila aina zilizomo jikoni, hasa kama kuna gunia la mahindi au karanga pembeni. Kwa kweli lihamishe kabisa gunia hilo.

Nyunyiza mbegu, changanya dakika mbili nzima, ifikie kila punje. Kipimo kwenye pakiti si cha kubania. Ni kama siti za daladala: ukungu wako ukiwahi kukaa, wageni wanabaki kituoni.

Sasa machicha. Kuna wenye wazo la kuongeza machicha ya nazi ili tempe iwe nyingi kwa bei ileile. Indonesia walikuwa na tempe ya namna hiyo, tempe bongkrek, na iliua watu miaka mingi hadi ikapigwa marufuku mwaka 1988. Muuaji si ukungu bali ni bakteria, Burkholderia gladioli, ambaye kwenye mafuta ya nazi hutengeneza asidi ya bongkreki. Haina harufu wala ladha ya kukushtua, na haiondoki kwa kupika. Sumu hiyohiyo ilikutwa kwenye pombe ya Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, Januari 2015, iliyoua watu 75. Huko chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye unga wa mahindi. Machicha wape wapishi wa visheti. Tempe ni soya tupu.

Hatua ya 7: Funga

Toboa mifuko kwa sindano kila baada ya sentimita moja na nusu, pande zote mbili. Ukungu unahitaji hewa, lakini hewa ikizidi unakimbilia kuzaa spora na tempe inakuwa nyeusi kabla haijashikana.

Jaza, sawazisha unene wa sentimita mbili hadi mbili na nusu. Vitabu vingi vinaruhusu tatu. Kwa Desemba hadi Machi mimi siruhusu. Kipande kinene hakiwezi kutoa joto lake katikati. Kandamiza punje zigusane, funga zipu.

Wenye majani ya mgomba: yapitishe juu ya moto yalegee, yafute kwa kitambaa safi, funga kwa kamba ya mgomba. Hayahitaji kutobolewa. Yanatoa harufu nzuri zaidi, ila ni vigumu kuona kinachoendelea ndani, kwa hiyo mara ya kwanza tumia plastiki.

Hatua ya 8: Otesha, kisha poza

Saa 12 za mwanzo ukungu unataka nyuzi 30 hadi 32. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba chako tayari kiko hapo. Weka mifuko juu ya wavu, mbali na jua na friji, basi. Usifunike blanketi, usiweke ndani ya oveni yenye taa. Juni hadi Agosti, usiku ukishuka kuelekea nyuzi 20, weka ndani ya deli pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Umeme ukikatika hauna cha kupoteza.

Mambo yatakavyokwenda, saa zikihesabiwa tangu ulipofunga mifuko:

Saa 8 hadi 10, hakuna kitu. Usifungue mfuko kuchungulia.

Saa 12, plastiki inapata jasho kwa ndani. Ukigusa, kuna uvuguvugu.

Saa 14 hadi 16, kwenye matundu unaanza kuona utando mweupe, mwembamba, ukizungushia punje. Chomeka kipimajoto katikati. Hapa ndipo zamu yako inapoanza. Ukungu sasa unatoa joto lake na unaweza kujipandisha peke yake kupita nyuzi 40. Ukifika huko unachoka, bakteria wanachukua nafasi, na asubuhi utakuta utelezi na amonia. Ikisoma zaidi ya 35, tenganisha mifuko, washa feni. Ikizidi 38, geuza mifuko na uiweke kwenye sakafu ya saruji, feni ikipuliza juu yake.

Saa 20, punje hazionekani vizuri tena. Weupe umefunika.

Saa 24 hadi 30, imekwisha. Kwenye joto la Januari nyingine humaliza saa 22. Usisubiri saa ya kwenye mapishi, angalia mfuko.

Hatua ya 9: Hukumu

Tempe nzuri ni nyeupe, imekaza. Ukiinyanyua kwa upande mmoja haipindi wala haimwagi punje. Ukiikata, katikati kuna weupe kati ya kila punje. Inanuka uyoga mbichi.

Madoa ya kijivu au meusi karibu na matundu ni spora za ukungu wako mwenyewe. Umechelewa kidogo, hakuna sumu hapo, kula.

Kijani, njano, bluu, waridi, chungwa: tupa. Tupa mfuko mzima, usikate. Ile rangi ni sehemu ya mwisho kujitokeza. Nyuzi za ukungu zimekwisha kuenea ndani, na sumu husambaa mbali na doa. Utelezi au amonia kali: tupa pia.

Kutupa kuna adabu yake. Usifungue mfuko wala usinuse kwa karibu. Funga ndani ya mfuko mwingine, peleka kwenye taka. Usiwape kuku wala bata. Bata hasa hawavumilii aflatoksini hata kidogo. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita ikatokea kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine. Kisha futa wavu na meza kwa maji yenye dawa ya klorini.

Mwenye pumu, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au anayetumia dawa za kushusha kinga asihusike na kazi ya kutia mbegu wala kutupa iliyoharibika. Spora za Rhizopus na Aspergillus zikivutwa na mtu mwenye kinga dhaifu zinaweza kuota ndani ya mwili. Kula tempe iliyopikwa ni jambo lingine, halina shida hiyo.

Hatua ya 10: Simamisha, hifadhi, pika

Tempe haikomi kuota kwa sababu umeridhika nayo. Ipikie kwa mvuke dakika 15, ipoe, iingie friji. Itakaa siku nne au tano. Kwenye friza, miezi miwili bila shida. Usiile mbichi.

Mara ya kwanza ikate vipande vyembamba, loweka dakika kumi kwenye maji ya chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kaanga hadi ibadilike rangi. Kachumbari pembeni. Watoto hawataulizia nyama.

Kuhusu kutumia tempe ya jana kama mbegu ya leo

Mbegu ni ghali, na kishawishi kipo: kausha kipande, saga, tumia tena. Inawezekana. Mimi nasema usifanye, na kama huna budi, usivuke mara moja kutoka kwenye pakiti.

Hofu iliyozoeleka ni kwamba ukungu "utageuka" uwe na sumu. Hilo si tatizo la kukunyima usingizi. Rhizopus haina jeni za aflatoksini, na oryzae aliyepoteza kipande cha fungu la jeni zake hakirudishi kwa sababu umemlisha soya mara tano. Tatizo ni jirani. Kila mzunguko jikoni unaingiza bakteria kidogo na spora kidogo za nje, na kila mzunguko wanaongezeka. Kufikia mzunguko wa nne au wa tano namba iliyoandikwa kwenye pakiti haielezi tena kilichomo kwenye kopo lako.

Ukitaka kupima

Watu wakipata pesa kidogo huja na wazo la kupeleka ukungu upimwe vinasaba. Uliza kwanza watapima kipande gani. Kipimo cha kawaida cha kuvu husoma sehemu iitwayo ITS. Kwa Rhizopus kitakupa mwelekeo. Kwa Aspergillus ya kijani kitakuacha palepale, kwa sababu oryzae na flavus wanafanana sehemu hiyo. Hata jeni ya kalmodulini, ambayo hutenganisha Aspergillus wengine vizuri, haiwaachanishi hawa wawili kwa uhakika.

Kwa hiyo kama lengo ni usalama wa chakula, pima sumu yenyewe ndani ya chakula. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina maabara zake Ubungo. Piga simu kwanza uulize kiasi cha sampuli na gharama. Viwango vya Afrika Mashariki kwa nafaka na karanga haviruhusu aflatoksini B1 izidi mikrogramu 5 kwa kilo, wala aflatoksini zote kwa pamoja kuzidi mikrogramu 10. Omba majibu yakutenganishie B1 na jumla. Na usipeleke kipande kimoja cha kona: sumukuvu haikai sawasawa, kwa hiyo kata kidogo kutoka kila mfuko, saga pamoja, ndipo upeleke.

Ukitaka kuuza

Jengo na bidhaa vyote vinasajiliwa TBS, ambao tangu 2019 ndio wenye jukumu la usalama wa chakula. Anzisha daftari kabla ya mteja wa kwanza: tarehe, soya ilinunuliwa kwa nani, namba ya pakiti ya mbegu, joto la juu kabisa lililosomwa usiku, mifuko mingapi ilitupwa. Kutoka kila mzigo weka kipande kimoja kwenye friza, kikiwa na tarehe yake, hadi mzigo huo uwe umeliwa na mwezi mmoja umepita. Mteja akisema tumbo lilimsumbua, una cha kupeleka maabara.